Meya wa New York hupatikana Juni, si Novemba

Ndugu Mhariri,

Zohran Mamdani aliposhinda umeya wa Jiji la New York Novemba 4, 2025, magazeti ya Kiswahili yaliandika mengi. Tulisoma kwamba alizaliwa Kampala mwaka 1991, kwamba baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970, kwamba ameahidi mabasi ya bure na kusimamisha upandaji wa kodi za nyumba. Yote hayo ni kweli na yalistahili kuandikwa. Kilichokosekana ni namna alivyoingia kwenye karatasi ya kura ya Novemba akiwa amebeba bendera ya chama chenye wapigakura wengi kuliko vyote jijini. Hilo lilifanyika Juni 24, kwenye kura za mchujo za chama cha Democratic, na kwa kiasi kikubwa ndiko mambo yalikoamuliwa.

Naandika kwa sababu kuiruka hatua hii kunawagharimu watu. Wapo Watanzania, Wakenya, Wakongo na Waganda wenye uraia wa Marekani wanaoishi New York, na baadhi yao hufika Juni wakaambiwa kura yenye uzito kuliko zote haiwahusu, kwa sababu ya alama moja waliyoiweka kwenye fomu miaka mingi iliyopita. Na huku nyumbani Tanzania wapo wanaodai meya achaguliwe na wananchi moja kwa moja badala ya madiwani. Nao wanapaswa kuujua mfumo huo kwa undani, pamoja na pale unapokwama.

Jiji lina wapigakura walioandikishwa wapatao milioni 5. Zaidi ya milioni 3 wamejiandikisha kama wa Democratic, zaidi ya milioni 1 hawana chama, na Republican wana nusu milioni na ushee. Uchaguzi wa meya hufanyika kila baada ya miaka 4, mwaka unaofuata ule wa uchaguzi wa rais, na mtu haruhusiwi kushika kiti zaidi ya mihula miwili mfululizo. Kwa hesabu hizo, anayeshinda mchujo wa Democratic huingia Novemba na mtaji ambao mpinzani haupati kirahisi. Inawezekana kumshinda, na imewahi kutokea. Mwaka 2001 mchujo ulianza asubuhi ya Septemba 11, ukasimamishwa kwa shambulio la siku hiyo, ukarudiwa Septemba 25, kisha ikaja duru ya pili Oktoba 11 kati ya Mark Green na Fernando Ferrer iliyokigawa chama vibaya. Michael Bloomberg, aliyekuwa Democratic akahamia Republican, alipita katikati ya mgawanyiko huo na akakaa miaka 12, maana ukomo wa mihula ulilegezwa kwa muda akagombea mara ya tatu. Lakini kuanzia 2013, Bill de Blasio, Eric Adams na sasa Mamdani wote wamepitia mlango wa Democratic.

Mchujo huo umefungwa. Anayepiga kura ni yule tu aliyeandikishwa kwenye chama husika. Wasomaji waliozoea kadi ya chama, ada na katibu wa tawi wajue kwamba huko hakuna hata kimoja kati ya hivyo. Uanachama ni alama unayoiweka kwenye fomu ileile ya kujiandikisha kupiga kura. Unachagua chama, au unachagua kutokuwa na chama, basi. Mhamiaji aliyetoka nchi ambako kujulikana chama chako ni hatari huweka alama ya kutokuwa na chama bila kufikiri mara mbili. Anaona amejiepusha na matatizo. Hakuna anayemwambia kwamba amejitoa kwenye kura ya Juni.

Hapa ndipo ratiba inapouma. Aliyekwisha kuandikishwa na anataka kubadili chama, au kutoka kwenye hali ya kutokuwa na chama na kuingia kwenye chama, ombi lake lazima liifikie Bodi ya Uchaguzi kabla Februari 14 haijapita. Likifika Februari 15 halikataliwi. Linawekwa kando na kuanza kutumika wiki moja baada ya mchujo kwisha. Lakini asiyewahi kuandikishwa anaweza kujiandikisha na kuchagua chama hadi siku 10 kabla ya mchujo, na mwaka 2025 mwisho ulikuwa Juni 14. Matokeo yake, mtu aliyeapishwa uraia Mei anapiga kura ya mchujo, na mwenzake aliyeandikishwa miaka 15 bila chama anabaki nje. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, maana mwisho wa kubadili ulikuwa Oktoba ya mwaka uliotangulia. Mwaka 2016 watoto wawili wa Donald Trump, Ivanka na Eric, walishindwa kumpigia baba yao kura ya mchujo wa urais New York kwa sababu tarehe hiyo iliwapita. Kama familia ya mgombea mwenyewe ilinaswa, dereva wa teksi anayefanya kazi saa 12 kwa siku atajuaje?

Namna ya kujihakikishia ni rahisi na haina malipo. Tovuti ya Bodi ya Uchaguzi ya Jimbo la New York ina ukurasa wa kutafuta taarifa za mpigakura: unaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, kaunti na msimbo wa posta, na inakuonyesha chama ulichoandikiwa. Wengi hukwama kwenye kaunti. Ukitafuta Brooklyn kwenye orodha huioni, kwa sababu kaunti ya Brooklyn inaitwa Kings. Manhattan ni New York, Staten Island ni Richmond. Bronx na Queens zina majina yaleyale. Na jina liandikwe kama lilivyo kwenye daftari. Majina yetu ya watu watatu mara nyingi huandikwa kwa mpangilio tofauti kwenye hati ya uraia na kwenye leseni ya udereva, kwa hiyo ukikosa mara ya kwanza, geuza mpangilio ujaribu tena kabla ya kuamini kwamba hujaandikishwa.

Mgombea naye ana mlima wake. Anayetaka jina lake liwe kwenye mchujo wa umeya anahitaji saini za wadhamini 3,750, wote wakiwa wapigakura wa chama chake wanaoishi jijini, na kazi hiyo huanza mwishoni mwa Februari na kuchukua wiki tano hivi. Wazoefu hukusanya mara mbili au tatu ya idadi hiyo, na wana sababu. Mpigakura anaruhusiwa kumdhamini mgombea mmoja tu kwa nafasi moja. Akisaini kwa wawili, ile ya tarehe ya baadaye inafutwa. Anayekusanya saini kama shahidi lazima naye awe wa chama hichohicho. Tarehe ikikosekana, au anwani isiwe ile iliyo kwenye daftari, saini inaanguka. Wapinzani wana siku 3 tangu fomu kurejeshwa kuweka pingamizi, kisha siku 6 za kueleza kasoro mstari kwa mstari, na wapo mawakili ambao kazi yao katika msimu huo ni kusoma saini tu. Mgombea binafsi naye anahitaji saini, ila yeye anaweza kuzipata kwa mpigakura wa chama chochote ambaye hajamsainia mwingine.

Sasa nije kwenye kura yenyewe, maana hapa taarifa zetu zilichanganya zaidi. Baadhi ziliripoti kwamba Mamdani alishinda Juni kwa asilimia 43, nyingine zikasema 56. Tarakimu zote mbili zina ukweli, ila zinahesabu vitu viwili tofauti.

Hadi mchujo wa mwaka 2017, mgombea wa umeya alitakiwa apate angalau asilimia 40. Akikosa, wawili wa juu walirudiana. De Blasio alivuka kiwango hicho kwa kura chache mwaka 2013 na kuepuka marudio. Nafasi ya wakili wa umma, afisa wa jiji anayeshughulikia malalamiko ya wananchi, haikubahatika: ilirudiwa kati ya Letitia James na Daniel Squadron, ikagharimu takriban dola milioni 13 na kuwatoa nyumbani watu 200,000 na kidogo katika jiji lote. Kwa gharama hiyo na mahudhurio hayo, hoja ya kubadili mfumo ilipata nguvu. Katika kura ya maoni ya Novemba 2019, zaidi ya asilimia 73 ya waliopiga kura walikubali kura ya kupanga chaguo, itumike kwenye michujo na chaguzi ndogo za jiji. Haitumiki Novemba, na hilo nalo wengi hawalijui.

Karatasi ni jedwali. Majina yameorodheshwa kwenda chini, na mbele ya kila jina kuna viduara vitano, kuanzia chaguo la 1 hadi la 5. Unajaza kiduara kimoja katika kila safu ya kwenda chini, yaani jina moja kwa kila namba ya chaguo. Kwanza yanahesabiwa machaguo ya 1 peke yake. Akipatikana mwenye zaidi ya nusu, kazi imekwisha. Asipopatikana, wa mwisho anaondolewa, na kura za waliompenda yeye zinahamia kwa chaguo lao linalofuata ambalo bado limo. Hivyo hivyo raundi kwa raundi hadi wabaki wawili.

Mwaka 2021, mchujo wa kwanza wa umeya kwa mfumo huu, Wademocrat 13 walikuwa kwenye karatasi. Eric Adams aliongoza machaguo ya 1 kwa asilimia 30 na pointi kadhaa, Maya Wiley akafuata kwa 21, Kathryn Garcia 19, Andrew Yang 12. Mtu aliyezoea matokeo yetu angesema Garcia ni wa tatu, aende zake. Lakini Yang alikuwa amewaambia wafuasi wake wampe Garcia chaguo la 2, na wengi walifanya hivyo. Raundi kwa raundi Garcia alipanda, akampita Wiley, na raundi ya mwisho ikawa yake na Adams. Adams alishinda kwa kura 7,197. Weka tarakimu hiyo mbele ya nyingine: kura takriban 140,000 hazikufika raundi ya mwisho, kwa sababu waliozipiga hawakumpanga Adams wala Garcia popote. Kura hizo hazikuharibika na hakuna aliyeziiba. Ziliishiwa na majina. Kati ya wenye kura hizo, wapo waliojaza jina moja au mawili wakaacha nafasi nyingine wazi wakidhani wanamlinda mgombea wao. Hakuna ulinzi wa namna hiyo. Chaguo lako la 2 halisomwi mpaka chaguo lako la 1 liwe limeondolewa kabisa, kwa hiyo kulijaza hakuwezi kumdhuru mtu wako.

Yapo makosa mengine kwenye karatasi, na kila moja lina matokeo yake. Kumpa mtu mmoja viduara vyote vitano hakumwongezei kitu. Inahesabiwa mara moja, na kura ikishindwa hapo haina pa kwenda. Kujaza watu wawili katika safu moja ndilo kosa baya kuliko yote: safu hiyo na zote zinazofuata hupotea, na ikiwa ni safu ya 1, kura nzima imekwenda. Kuruka safu kuna nafuu, maana chaguo linalofuata husogea mbele. Mashine ya kusoma karatasi hutoa onyo inapoona safu yenye alama mbili. Wengi, wakiona foleni nyuma yao, hubonyeza kukubali ili watoke. Usikubali. Rudisha karatasi, omba nyingine. Sheria inakupa hadi karatasi tatu.

Mwaka 2025 waliokuwa kwenye karatasi ya Democratic ni 11, na funzo la Yang na Garcia lilikuwa limeeleweka. Siku kumi na moja kabla ya mchujo, Mamdani na Brad Lander, wakati huo mkaguzi wa fedha wa jiji, walitangaza kuungana mkono: anayemweka mmoja wa 1 amweke mwingine wa 2. Machaguo ya 1 yalipohesabiwa, Mamdani alikuwa na asilimia 43.8, Andrew Cuomo, gavana wa zamani wa jimbo, 36, na Lander 11. Cuomo alikubali kushindwa usiku uleule, kwa sababu kila aliyejua hesabu aliona kura za Lander zinakoelekea. Raundi za mwisho zilipotangazwa Julai 1, Mamdani alikuwa na kura zaidi ya 573,000 sawa na asilimia 56, Cuomo zaidi ya 443,000. Kwa hiyo ile 43 ni ya raundi ya kwanza na 56 ni ya mwisho, na gazeti likitaja moja bila nyingine linamwacha msomaji gizani.

Kwa nini wiki nzima ya kusubiri? Kura za posta zikigongwa mhuri kabla ya siku ya uchaguzi kwisha hupokelewa hadi siku 7 baadaye, na raundi haziwezi kuhesabiwa kwa uhakika bila hizo. Haraka iliwahi kuleta aibu. Juni 29, 2021, Bodi ya Uchaguzi ya jiji ilitangaza raundi za awali zikionyesha Garcia amemkaribia mno Adams, kisha usiku ikazifuta: kura takriban 135,000 za majaribio, zilizotumika kuipima programu, zilikuwa hazijaondolewa kwenye mashine. Hesabu ya kweli ilikuja baadaye na mshindi akabaki Adams, lakini imani ya watu ilitikisika kwa uzembe uliozuilika. Waandishi wetu wanaopokea habari za New York usiku wa kuamkia Jumatano wakumbuke tukio hilo kabla ya kuandika neno "rasmi".

Fedha nazo zina kanuni zinazostahili kutazamwa na yeyote anayelalamikia rushwa kwenye michujo ya huku kwetu. Jiji hulipa dola 8 kwa kila dola 1 ambayo mkazi anamchangia mgombea aliyejiunga na mpango wa ruzuku, hadi dola 250 za kwanza kwa nafasi ya umeya. Mkazi akitoa 250, mgombea anapata 2,000 nyingine kutoka hazina ya jiji. Ili astahili, mgombea wa umeya lazima kwanza akusanye dola 250,000 za aina hiyo kutoka kwa wakazi wasiopungua 1,000, na akikubali fedha hizo anakubali pia ukomo wa matumizi, ambao kwa mchujo wa 2025 ulikuwa takriban dola milioni 8. Mamdani alifika ukomo huo mapema, miezi mitatu kabla ya kura, akawaomba watu waache kuchanga na badala yake wajitolee kugonga milango. Bodi ya fedha za kampeni ina meno: Desemba 2024 ilimnyima Adams ruzuku, na Mei 2025 ilizuia zaidi ya dola 600,000 za Cuomo ikidai kampeni yake iliwasiliana na kundi lililo nje ya kampeni linalomuunga mkono. Udhaifu uko kwenye makundi hayo ya nje. Hayana ukomo, na kundi moja lililomuunga mkono Cuomo lilitumia zaidi ya dola milioni 20 kwenye mchujo. Likashindwa, lakini halipaswi kuhesabiwa kama jambo dogo kwa sababu hiyo tu.

Novemba ina kanuni zake. Hakuna kupanga chaguo: mwenye kura nyingi ndiye meya, hata kama hajafika nusu. Republican hawakuwa na mchujo mwaka huo, maana Curtis Sliwa alibaki peke yake. Adams alikwishajitoa kwenye mchujo wa Democratic tangu Aprili akagombea binafsi, kisha Septemba akaacha kampeni, lakini jina lake lilibaki kwenye karatasi kwa kuwa muda wa kuliondoa ulikuwa umepita. Cuomo, baada ya kushindwa Juni, alirudi kama mgombea binafsi. Mamdani alionekana mara mbili kwenye karatasi, mara moja chini ya Democratic na mara ya pili chini ya Working Families Party, kwa sababu New York inaruhusu vyama viwili kumsimamisha mtu mmoja na kura zake kujumlishwa. Hiyo si njama, ni sheria ya siku nyingi. Alipata zaidi ya kura milioni 1.1, Cuomo zaidi ya 900,000, Sliwa kama 150,000, na waliopiga kura walizidi milioni 2 kwa mara ya kwanza tangu 1969.

Wanaotaka meya wa kuchaguliwa moja kwa moja Tanzania nawaomba wapime jambo moja. Leo meya wa jiji huchaguliwa na madiwani, na chama chenye madiwani wengi hukamilisha jina kwenye vikao vyake vya ndani kabla baraza halijaketi. Tukibadili sheria tukampa mwananchi kura ya meya bila kugusa namna chama kinavyopata mgombea, uamuzi utabaki kwenye vikao vilevile. New York mgombea aliyeshindwa kwenye mchujo bado aliweza kurudi kama mgombea binafsi na kupata kura zaidi ya 900,000. Kwetu mgombea binafsi haruhusiwi, hivyo mchujo wa chama ndio mlango pekee. Mjadala uanze na maswali ya mlango huo: nani ameandikishwa, orodha inashikwa na nani, inafungwa lini, nani anahesabu. Huko michujo huendeshwa na Bodi ya Uchaguzi ya serikali kwa vituo, karatasi na mashine zilezile za uchaguzi mkuu, wala si na makatibu wa vyama, na kwa maoni yangu hilo ndilo la kuigwa kwanza kuliko kura ya kupanga chaguo. La kutoigwa ni ile Februari 14. Tume ya kupitia katiba ya jiji mwaka 2025 ilijadili kuufungua mchujo kwa wasio na chama, ikaliacha bila kulipeleka kwa wapigakura. Nadhani ilikosea, na zaidi ya watu milioni 1 wasio na chama wana haki ya kulalamika.

Kwa wasio raia, onyo. Baraza la jiji lilipitisha sheria ya kuwaruhusu wenye ukaazi wa kudumu na vibali vya kazi kupiga kura za jiji, na habari hiyo ilienea sana kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Sheria hiyo haikutumika hata siku moja. Machi 2025 mahakama ya juu kabisa ya jimbo iliitupa. Mwenye kadi ya kijani anayejiandikisha kupiga kura anaweza kupoteza kadi yake na njia ya uraia, hata kama alibofya tu "ndiyo" kwenye mashine ya ofisi ya leseni za udereva bila kusoma. Soma kila swali hapo, au ita mtu akusomee. Anachoweza kufanya kihalali mwenye ukaazi wa kudumu ni kuchangia kampeni, na mchango wake kama mkazi wa jiji huvuta ruzuku ileile ya 8 kwa 1, na pia kujitolea kugonga milango na kupiga simu.

Mchujo ujao wa umeya ni Juni 2029, lakini tarehe ya Februari 14 inafanya kazi kila mwaka wenye mchujo wowote wa jimbo, wa gavana, wa bunge, wa udiwani. Ningeomba gazeti lenu liichapishe Januari, kwa sababu ikichapishwa Oktoba haimsaidii mtu.

Na kwa mzee wa Kiswahili anayeogopa kituo kwa sababu ya Kiingereza: Kiswahili hakimo kwenye lugha zinazochapishwa kwenye karatasi ya kura, lakini sheria ya shirikisho ya haki za kupiga kura inampa ruhusa ya kuingia na msaidizi amtakaye, awe mtoto, jirani au mtu wa msikitini au kanisani kwake. Asiyeruhusiwa ni mwajiri wake au mtu aliyetumwa na mwajiri, na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi. Vituo hufunguliwa saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku siku yenyewe, na kura ya mapema huwa na siku 9 kabla yake, ambazo foleni zake ni fupi. Kwa kawaida hakuna kuonyesha kitambulisho, isipokuwa kwa baadhi ya wanaopiga kura mara ya kwanza. Jina lisipoonekana kwenye daftari la kituo, asiondoke: aombe karatasi ya kura ya kiapo (affidavit ballot), aijaze, aitie kwenye bahasha yake na kusaini nje ya bahasha. Bahasha isiyo na saini haihesabiwi.

Msomaji wenu,
Bronx, New York